Mafuta ya Namsifu

Damu ya Elinami ilipotoka kwenye mashine ya kuzungushia, Nakundwa aliitazama, akairudisha ndani, akaizungusha tena. Alijua haitabadilika. Alitaka tu zile dakika tano zipite kabla hajalazimika kumwambia mtu chochote.

Ilipotoka mara ya pili ilikuwa vilevile. Chini chembe nyekundu zilikuwa zimetulia kama kawaida. Juu yake, mahali ambapo maji ya damu hukaa yakiwa ya manjano na safi, palikuwa na kitu cheupe, kizito, kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Akaiweka ile chupa ndogo kwenye kishikio pamoja na nyingine kumi na moja za wiki hiyo, zote nyeupe. Moja kati ya zile kumi na moja ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Mdogo wake alikuwa kitandani chumba cha pili, amejikunja, magoti yanakaribia kidevu. Elinami alikuwa na miaka thelathini na tisa, dereva wa treni ya umeme iliyopita Chekereni Mpya mara nne kwa siku. Mtu nadhifu, mwembamba, shati la kazi limemkaa sawasawa. Kiuno chake kilikuwa sentimeta sabini na moja. Kadi yake ya mpango wa Wepesi, ya waliochomwa sindano ya kupunguza mafuta, ilikuwa ya kijani, na saini iliyokuwa chini ya kadi hiyo ilikuwa ya dada yake huyu huyu.

"Ni vidonda vya tumbo?" akauliza.

"Nyoosha miguu nikutazame."

"Nikinyoosha inauma mpaka mgongoni."

"Kidogo kidogo. Hivyo hivyo."

Akampaka jeli tumboni, akaweka kichwa cha mashine ya ultrasaundi chini ya mbavu. Ini likatokea kwenye kioo likiwa linang'aa. Ini la mtu mwenye afya huwa la kijivu, rangi ya wingu la mvua, na Nakundwa alikuwa ameyatazama maini kwa miaka ishirini na mbili. Hili lilikuwa jeupe mithili ya ukuta uliopigwa chokaa. Kongosho nyuma yake lilikuwa limevimba. Akateremsha mashine mpaka pajani, pale ambapo chini ya ngozi hata mtu mwembamba huwa na tabaka lake la mafuta. Hapakuwa na tabaka lolote. Ngozi ilikuwa imelala juu ya msuli kama kitambaa juu ya meza.

"Dada, mbona umenyamaza?"

"Napima."

"Siku ile unanichoma sindano hukunyamaza. Uliongea mpaka nikasahau kwamba nilikuwa naogopa."

Nakundwa akamfuta jeli kwa karatasi, polepole, akamfunika shuka.

*

Siku ile ilikuwa miaka sita nyuma. Mpango wa Wepesi ulikuwa umefika Chekereni Mpya kwa magari meupe manne, na watu walipanga foleni tangu alfajiri bila kulazimishwa na mtu. Walikuwa na sababu zao. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekatwa mguu kwa kisukari, au anayekwenda kusafishwa figo mara tatu kwa wiki, au aliyeanguka bafuni kwa presha asiamke. Baba yao wenyewe, mzee Senkoro, alikatwa mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akafa. Alikuwa na tumbo kubwa, gumu kama ngoma. Nakundwa ndiye aliyekuwa akimbadilisha bandeji.

Kwa hiyo walipomfundisha kuchoma ile sindano, alichoma kwa moyo wote. Ilikuwa moja tu, mara moja maishani. Ndani yake mlikuwa na chembe zilizotengenezwa maabara na kufundishwa kazi moja: kutafuta mafuta yaliyo chini ya ngozi, kuyavunja, kisha kubaki mwilini zikilinda yasirudi. Wafanyakazi wa hospitali walianza wao. Katika miezi minane mji mzima ulikuwa umepungua. Mafundi cherehani walifanya kazi mpaka wakachoka. Na kweli, miaka ile ya kwanza presha za watu zilishuka, na viti vya kusafishia figo vikabaki vitupu siku nyingine.

Elinami hakuitaka. Hakuwa mnene sana, alikuwa na kitambi cha mtu anayefanya kazi ya kukaa. Lakini shirika la treni lilitangaza kwamba dereva asiye na kadi ya kijani hatapewa usukani, naye akaja kumuuliza dada yake. Nakundwa akamwambia, "Ningekuwa najua kuna ubaya, ningekuchoma wewe?" Akamshika mkono, akamchoma, huku anamhadithia habari za jirani aliyekimbizwa na mbuni.

*

Daktari Mruma hakukaa alipokuja kuwaeleza. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, naye alikuwa na kadi ya kijani.

"Mafuta ya chini ya ngozi yana kazi yake," alisema. "Chakula kikizidi, mwili unayapeleka huko, yanakaa, hayamsumbui mtu. Sisi tulidhani tukiyaondoa tumeondoa ugonjwa. Kilichozidi hakikuacha kuja. Kimekosa pa kukaa, sasa kinaingia kwenye ini, kwenye kongosho, kwenye damu yenyewe."

Elinami akamsikiliza mpaka mwisho. "Yaani mmebomoa ghala," akasema, "na mizigo bado inafika, mnaishusha relini."

"Ndiyo."

"Na treni inakuja."

 Daktari akasema kwa sasa Elinami atakunywa uji wa maji tu, usio na tone la mafuta. Tone moja likiingia, kongosho litajichoma lenyewe, na safari nyingine kama hii hataamka.

"Mpaka lini?"

Mruma akamtazama Nakundwa, kama anayeomba ruhusa. Kuna kitu kimoja, alisema, kimejaribiwa huko kwingine mara chache. Unachukua mafuta hai kutoka chini ya ngozi ya mtu ambaye hakuchomwa kabisa, unampandikizia mgonjwa, ili apate tena ghala dogo. Lazima wawe tumbo moja, baba mmoja. Na yanahitajika kilo tatu na nusu kwa mtu mmoja. Chini ya hapo hayashiki. Wanatumaini chembe za sindano hazitayagusa mafuta ya mtu mwingine.

"Ndugu yenu yeyote ambaye hakuchomwa?" akauliza.

Wote wawili walikuwa wanalijua jina, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

*

Namsifu, mtoto wa kwanza wa mzee Senkoro, alikuwa akiishi Mamba, juu milimani, kwenye shamba la tangawizi la marehemu mume wake. Nakundwa alipanda kwa gari mpaka barabara ilipoishia, kisha kwa miguu, akipumzika kila baada ya hatua hamsini. Dada yake alimwona kutoka juu, akateremka kumpokea. Alikuwa na kilo mia moja na mbili. Aliteremka mteremko ule bila fimbo, akamnyang'anya mkoba, akapanda naye tena akiwa anazungumza, wala pumzi haikubadilika.

"Umekuwa kama unyoya," alisema. "Kaa. Usiongee kwanza."

Hawakuwa wameonana kwa miaka mitano. Namsifu alikuwa mpishi wa shule ya bweni pale Chekereni Mpya, mpishi ambaye wanafunzi wa zamani walirudi kumsalimia. Mpango ulipokuja alisema yeye haumwi, hatachomwa. Wakasema basi apimwe kiuno, maana mwenye kadi nyekundu haruhusiwi kuandaa chakula cha umma. Atawafundisha watoto unene. Aliyekuwa ameshika utepe siku hiyo alikuwa Nakundwa. Alipima pia sukari yake, presha yake, ini lake. Vyote vilikuwa safi kuliko vya Nakundwa mwenyewe. Unene wa Namsifu ulikuwa wa mapaja na nyonga na mikono, umekaa chini ya ngozi kwa amani. Tumbo la baba yao lilikuwa kitu kingine, mafuta yaliyozingira maini na matumbo ndani kwa ndani. Lakini kadi haikuwa na nafasi ya kuandika hayo. Ilikuwa na nafasi ya namba moja ya kiuno. Namsifu alimwomba apunguze sentimeta chache. Nakundwa akaandika mia na nne, kwa sababu ndiyo ilikuwa mia na nne.

Sasa alimweleza yote, ya ini, ya ghala, ya kilo tatu na nusu. Alieleza kama anavyowaeleza wagonjwa, akiwa anaitazama mikono yake. Alipomaliza Namsifu alikuwa anamenya tangawizi na hakuwa ameacha.

"Eli anajua umekuja?"

"Anajua. Alinikataza."

"Na wewe damu yako ikoje?"

Nakundwa alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na jibu alilojiandaa nalo lilikuwa uongo. Lakini dada yake alimwinulia macho, na uongo ule haukutoka.

"Nyeupe," akasema. "Kama yake. Bado siumwi, ila itafika tu."

Namsifu akaweka kisu chini. "Nipime basi. Tuone yanatosha wangapi."

Nakundwa alikuwa na mashine ndogo ya mkononi kwenye mkoba. Akampima palepale sebuleni, madirisha yakiwa wazi, kuku wanaingia na kutoka. Paja, nyonga, mgongo, mkono. Tabaka lile lilionekana kwenye kioo likiwa la kijivu kilichotulia, nene, lenye mishipa midogo ya damu inayopita. Hakuwa ameona kitu kama kile kwa miaka. Akapiga hesabu mara mbili. Zikitoka zaidi ya kilo nne, Namsifu mwenyewe ataanza kuwa kama wao.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja." Namsifu akashusha gauni lake.  "Basi sema nani. Wewe ndiye mpimaji."

"Dada, usiniulize mimi."

"Nimuulize nani? Mimi nikisema Eli, nimekuacha wewe ufe. Nikisema wewe, nimemuacha Eli. Mafuta nimekupa, Naku. Hilo jingine siliwezi."

"Mpe Eli," alisema Nakundwa. Alisema haraka, na baadaye alijiuliza kama ulikuwa upendo, au kama aliogopa tu kuishi akitazama kile kitanda kikiwa kitupu.

*

Upasuaji ulichukua saa saba. Namsifu alitoka akiwa amefungwa bandeji kuanzia magotini mpaka kifuani, akauliza kwanza kama mdogo wake ameamka. Walilazwa chumba kimoja. Siku ya tatu walikuwa wanabishana habari za mpira, na siku ya tano damu ya Elinami, ilipozungushwa, ilikuwa na ukungu tu, unaweza kuona kidole ng'ambo ya chupa. Daktari Mruma aliishika akaenda nayo dirishani. Wauguzi walikuja mmoja mmoja kuiona. Wote walikuwa na kadi za kijani, na kila mmoja alipoitazama ile chupa, Nakundwa alijua anachohesabu kichwani: ndugu zake, na ni nani kati yao hakuchomwa.

Siku ya tisa ukungu ulikuwa mzito kidogo.

Siku ya kumi na moja Nakundwa aliweka kichwa cha mashine kwenye paja la Elinami, mahali walipopandikiza, na lile tabaka la kijivu halikuwa na mishipa tena. Lilikuwa limevunjika vipande vipande, kama barafu inayoyeyuka pembeni. Akapima upande wa pili. Huko lilikuwa limekwisha kabisa. Zile chembe alizomchoma miaka sita nyuma zilikuwa bado mwilini, nazo zilikuwa zinafanya ile kazi moja ziliyofundishwa. Hazikujua kwamba mafuta haya yalikuwa zawadi.

Akamwita Mruma. Mruma akapima mwenyewe, akasimama pale na mashine mkononi.

"Zinaweza kutolewa?" akauliza Nakundwa, ingawa yeye ndiye aliyewaambia watu elfu tatu na zaidi kwamba hazitoki, na aliwaambia kama habari njema.

"Hakuna anayejua jinsi ya kuzitoa."

Elinami alikuwa macho. "Semeni tu," alisema. "Mimi siyo mgeni hapa."

Nakundwa akamwambia. Hakumpunguzia kitu. Elinami akageuza uso dirishani, kulikokuwa na reli, akakaa hivyo mpaka treni ya saa nane mchana ikapita bila yeye.

*

Namsifu hakukubali. Alimfuata Nakundwa kwenye chumba cha vipimo, anatembea kwa kushika ukuta, akafunga mlango.

"Mchukulie tena kwangu."

"Hayatashika, dada. Zile chembe zitayala tena."

"Zitachukua muda kuyala. Umesema siku kumi na moja. Siku kumi na moja ni siku."

"Uliyobakiza ndiyo yanayokulinda wewe. Nikichukua, wewe nawe utaugua. Daktari hatakubali, kipimo kitaonyesha."

"Kipimo unakiandika wewe." Sauti ya Namsifu haikupanda. "Mara ile nilikuomba upunguze namba, nibaki na kazi yangu. Ukakataa, nikakusamehe, nikasema ndivyo alivyo, haandiki uongo. Leo nakuomba uongeze. Andika kwamba yapo ya kutosha. Ni mwili wangu."

Nakundwa akakaa kwenye kile kiti cha magurudumu madogo. Fomu ilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Akafikiria namba ambayo angeweza kuandika. Ilikuwa namba rahisi, tarakimu mbili. Elinami angepata wiki moja na nusu. Kisha vingekuwa vitanda vitatu, na hakuna wa kumletea mwenzake maji.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi, au hutaki?"

"Sijui. Mkono wangu hauandiki."

Namsifu akaufungua mlango, akatoka. Siku mbili hakumsemesha. Alikaa kando ya kitanda cha Elinami, anamnywesha uji wake wa maji kwa kijiko, na Nakundwa alipoingia alisogeza kiti ili apite, kama mtu anavyompisha mgeni.

*

Siku ya tatu, asubuhi, Elinami aliwaita wote wawili. Macho yalikuwa yameshaingia manjano. Alizungumza akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Nina miezi minne sijala chakula," alisema. Kweli alikuwa na wiki saba tu, lakini hakuna aliyemsahihisha. "Nataka makande. Ya Dada Namsifu. Yenye nazi, na samli juu. Si kijiko. Bakuli."

 Namsifu akageuka kumtazama Nakundwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya fomu, kisha akamwashiria kwa kichwa watoke nje.

Nyuma ya wodi kulikuwa na jiko la kuni la ndugu wa wagonjwa, vyumba viwili vya bati, na kivuli chembamba cha ukuta. Hapakuwa na mtu. Namsifu alikwishamtuma mtu sokoni tangu alfajiri, maana Elinami alikuwa amemwomba yeye kwanza, usiku. Mahindi na maharage yalikuwa tayari kwenye ungo, nazi mbili kando, samli kwenye kopo. Akakaa kwenye kigoda kwa tabu, mkono mmoja kwenye bandeji.

"Akila atakufa," alisema.

"Ndiyo."

"Leo?"

"Leo au kesho. Kwa maumivu. Mruma atampa dawa ya kumlaza, kama nikimwambia mapema."

"Na asipokula?"

"Wiki mbili. Tatu. Nazo ni za maumivu."

Upepo ulisukuma majivu ya jana. Ndani ya wodi mtu alikohoa, akanyamaza.

"Mimi ni mpishi," alisema Namsifu. "Nimepika miaka ishirini na sita, sijawahi kuuliza mtu ruhusa. Lakini chungu hiki sikiweki peke yangu. Wewe ndiye unayejua ndani ya Eli mkoje. Uniambie nipike au nisipike, nami nitafanya, na sitakulaumu hata mara moja. Ila useme kwa mdomo wako."

Nakundwa alitafuta kitu cha kupima. Hapakuwa na kitu, wala kioo, wala utepe, wala fomu. Ni dada yake tu, amepungua mashavu, anamsubiri. Alifikiria kusema waende wakamuulize daktari. Alifikiria kusema wangoje mpaka kesho. Kupitia dirishani alimsikia Elinami akimuuliza muuguzi kama moshi umeshaanza.

"Pika," akasema.

Namsifu akatikisa kichwa kukubali, akainama kupanga kuni. Alishindwa kuinama mpaka chini kwa sababu ya mishono, akabaki nusu, amejishika goti. Nakundwa akamtoa pale, akamkalisha, akapanga kuni mwenyewe, akawasha. Kisha akauvuta ule ungo magotini mwake, akaanza kuchambua maharage, akitoa vijiwe kimoja kimoja.